Mambo ya Nyumbani: Negatifu za Wazee na Mashine ya Kuzisoma

Katika nyumba nyingi za Kikula, Panda na Shituru limo kopo la maziwa ya unga, au sanduku la bati, ambalo halifunguliwi ila wakati wa matanga. Ndani yake mna cheti cha Ubatizo cha babu, kadi yake ya kazi ya Union Minière, rozari iliyokatika, na chini kabisa vipande vya filamu vilivyojikunja kama majani makavu. Watoto huvielekeza kwenye mwanga, hucheka kuona mashati meupe yamekuwa meusi na nyuso nyeusi zimekuwa nyeupe, kisha huvirudisha ovyo. Vipande hivyo ndivyo negatifu. Picha ya karatasi hutoka katika negatifu, nayo karatasi ikichanika au ikiliwa na mchwa, negatifu yaweza kuzaa nyingine iliyo safi kama ya kwanza.

Wasomaji kadhaa wametuuliza ni mashine ipi inayofaa kununuliwa ili negatifu hizo ziingizwe katika kompyuta. Mashine hiyo huitwa skana. Jibu letu ni hili: kwanza fungueni kopo, ndipo muende dukani. Wengi hufanya kinyume. Huvutwa na tarakimu kubwa iliyoandikwa juu ya boksi, hulipa fedha za ada ya shule, na wafikapo nyumbani huona kwamba filamu ya babu haiingii hata katika tundu la mashine.

Tena shauri hili si la mapambo tu, hasa kwetu Likasi. Wasomaji wazima wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati majirani wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika mji huu na katika Kolwezi. Maelfu walilala siku nyingi katika kituo cha gari la moshi wakingojea kusafirishwa, na wengine walifia pale pale au njiani. Mtu akimbiaye hubeba mtoto, chungu na blanketi. Albamu ya picha ni nani aibebaye? Leo wako wajukuu huko Mbuji-Mayi na Kananga ambao hawajapata kuuona uso wa babu yao aliyefanya kazi Shituru miaka thelathini. Na huenda uso huo umo hapa, katika kopo la jirani aliyewatunzia vitu, au katika droo ya mpiga picha wa zamani ambaye watoto wake hawajui wafanye nini na takataka zile. Negatifu moja, ikisomwa vizuri, yaweza kuufikisha uso huo Kasai siku ile ile.

Basi, tufungue kopo. Nawa mikono na uikaushe. Shika kila kipande kwa kingo zake, usiguse katikati, maana mafuta ya kidole hukaa juu ya filamu hata mashine ikayasoma kama wingu. Chukua rula ya mwanafunzi, upime. Ukikuta picha za mraba, kila upande karibu milimita 56, hizo ndizo watu waitazo sita kwa sita. Wapiga picha wa studio wa miaka ya 1950 na 1960 walizipenda sana kamera za lenzi mbili za namna hiyo, kama Rolleiflex ya Kijerumani na, baadaye, Yashica ya Kijapani. Ukikuta picha ndefu zaidi, kama sentimita 6 kwa 9, hizo huenda zilipigwa kwa kamera ya boksi ya bei rahisi. Na ukikuta vipande vyembamba vyenye matundu pande zote mbili, picha yenyewe ikiwa milimita 24 kwa 36, hiyo ni filamu ya milimita 35, iliyoenea sana baadaye, hata za rangi zilipofika.

Hapo ndipo shauri lote lilipo. Skana nyingi ndogo zinazouzwa kwa ajili ya filamu husoma milimita 35 tu. Plustek OpticFilm 8100, kwa mfano, ni mashine nzuri, na kwa filamu nyembamba hutoa kazi safi kuliko nyingi za bei yake. Lakini sita kwa sita haiingii humo kabisa. Ndivyo zilivyo pia zile zenye kioo kidogo cha kutazamia, ambazo kwa kweli si skana hasa bali ni kamera ndogo ndani ya kisanduku: unabonyeza kitufe, nayo hupiga picha ya negatifu mara moja. Kijana huzipenda kwa kuwa hazihitaji kompyuta. Sisi hatuzipendi sana, kwa sababu hupoteza sehemu zenye kivuli, na uso wa mtu mweusi chini ya kofia ndio sehemu yenye kivuli.

Mwenye kopo la sita kwa sita, basi, atafute skana ya meza, ile ya kioo kipana na kifuniko, lakini iliyo na taa ndani ya kifuniko. Neno hilo la taa tunalikazia. Skana ya ofisi, kama zile za vibanda vya kunakili hati mjini, humulika kutoka chini tu. Ukiiwekea negatifu itakurudishia mraba mweusi. Filamu hutaka mwanga upite katikati yake, kama vioo vya rangi vya kanisa vinavyong'aa kwa jua lililo nje. Mojawapo ya mashine za namna hiyo ni Epson Perfection V600, iliyotoka mwaka 2009. Huja na vishikizo viwili vya filamu, kimoja cha milimita 35 na kimoja cha filamu pana, nayo husoma pia picha za karatasi, vyeti na barua. Dada yake mkubwa, V850 Pro, hupokea filamu kubwa zaidi na husoma kwa usafi zaidi, lakini bei yake ni kubwa mno kwa jamaa moja.

Sasa zile tarakimu za juu ya boksi. Uwezo wa skana hupimwa kwa idadi ya nukta inazosoma katika inchi moja. Juu ya V600 imeandikwa 6,400. Waliozipima mashine hizi kwa vipimo vya kitaalamu wameona kwamba kwa kweli haifiki hata nusu ya hapo, bali hukaa karibu na 1,500. Nukta zinazozidi huongeza uzito wa faili bila kuongeza hata unywele mmoja wa kichwa cha bibi. Usikasirike, bali piga hesabu. Picha ya sita kwa sita ikisomwa kwa nukta 1,500 tu kwa inchi, yapata nukta 3,300 kila upande. Mchapaji akiichapa kwa nukta 300 kwa inchi, utapata picha ya sentimita 28 kila upande, nayo yatosha kutundikwa ukutani sebuleni. Filamu ya milimita 35, kwa mashine hiyo hiyo, itatoa sentimita 18 kwa 12, yaani picha ya albamu. Kwa hiyo ikiwa kopo lako limejaa filamu nyembamba peke yake, nawe wataka picha kubwa, ile Plustek ndiyo yako. Ikiwa limechanganyika, kama yalivyo makopo mengi, chukua skana ya meza. Iamuru isome kwa 2,400, uiache tarakimu iliyo juu ya boksi ikae juu ya boksi.

Jambo jingine ambalo wauzaji hulitangaza sana ni uwezo wa kufuta vumbi na mikwaruzo wenyewe. Mashine humulika filamu kwa miale isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo hupenya rangi za filamu ya rangi bila kuziona, lakini huzuiwa na vumbi. Hivyo mashine hujua vumbi lilipo na kuliziba. Ni akili ya ajabu. Lakini negatifu ya zamani, ile nyeusi na nyeupe, imefanywa kwa chembe za madini ya fedha, na fedha huizuia miale hiyo vile vile kama vumbi. Mashine hudhani kwamba picha nzima ni uchafu, hata ikamharibu bwana harusi pamoja na mkwaruzo. Basi, kwa negatifu za mababu zetu, ambao sisi huku twawaita bankambo, uwezo huo uzimwe. Na anayekuomba fedha za ziada kwa ajili yake, ilhali kopo lako ni la nyeusi na nyeupe tupu, usimpe. Chukua kipulizio cha mpira na brashi laini sana, upulize na kupangusa taratibu. Maji ya bomba, sabuni na pombe visikaribie. Negatifu zilizogandamana kwa unyevu zisivutwe kwa nguvu. Ziwekeni kando mpaka apatikane mjuzi.

Wengine wataona fahari kununua Nikon Coolscan ya zamani, kwa kuwa wamesikia sifa zake. Sifa hizo ni za haki, na Super Coolscan 9000 ilisoma hata sita kwa sita. Lakini Nikon waliacha kuzitengeneza zamani, fundi wake ni adimu, na ile 9000 huungwa kwa waya wa FireWire, ambao kompyuta za siku hizi hazina tundu lake. Ukipewa zawadi, pokea. Kwa skana zilizozeeka iko programu iitwayo VueScan, ambayo huziamsha nyingi ambazo kampuni zao zimezisahau. Kununua kwa fedha yako mashine ambayo fundi wake yuko ng'ambo ni jambo tusilolishauri.

Na umeme? Hapa mtu wa Likasi hahitaji mahubiri. Vituo vya Mwadingusha na Koni viko jirani, juu ya mto Lufira, na bado tunakaa gizani jioni. Kompyuta ndogo ya kukunja itaendelea kwa betri yake, lakini skana ya meza itazimika katikati ya kazi. Fanyeni kazi hiyo saa ambazo mtaa wenu huwa na umeme, na baada ya kila kipande hifadhini faili kabla ya kuanza kingine. Tena, kabla ya kununua skana iliyotoka Marekani, soma kibandiko cha kigeuzi chake cha umeme. Kikiwa kimeandikwa volti 100 hadi 240, salama. Kikiwa 120 peke yake, umeme wetu wa 220 utakiunguza siku ya kwanza.

Tunajua swali linalofuata: fedha zitatoka wapi? Kwa maoni yetu si lazima kila nyumba inunue yake. Kopo la kawaida lina negatifu hamsini au mia. Kwa kazi ya dakika chache kila moja, ni kazi ya Jumamosi mbili tatu, kisha mashine hukaa kabatini kukusanya vumbi. Jumuiya ya Kikristo ya mtaa yaweza kununua moja na kuizungusha, au parokia kuiweka mahali penye ufunguo, vijana wawili waliomaliza shule wakifundishwa kuitumia. Jambo kubwa zaidi ya hilo limekwisha kufanyika karibu nasi. Huko Kampala, mwaka 2015, katika ghala la shirika la utangazaji la taifa zilionekana negatifu takriban 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za siku za Idi Amin. Watu wa shirika lile, pamoja na wataalamu wa vyuo vikuu, wakaketi na kuzisoma moja moja. Maelfu yakaingia katika kompyuta, na mwaka 2019 wananchi wakaenda kuzitazama katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Na huku kwetu, Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, amejulikana duniani kwa kuchukua picha za wafanyakazi zilizobaki kutoka siku za Union Minière na kuziunganisha na picha alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyobomoka. Picha ambazo kampuni ilizipiga kwa shughuli zake zilitunzwa. Za jamaa hazina mtunzaji ila jamaa yenyewe.

Picha isiyo na jina, hata ikisomwa kwa skana ya thamani namna gani, baada ya kizazi kimoja ni picha ya mtu asiyejulikana. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, mwiteni mzee aliye hai akae karibu na kompyuta, na mtoto ashike kalamu. Nyuma ya picha za karatasi mara nyingine mna muhuri wa studio. Ukisema Jadotville, mjue picha hiyo yaelekea kuwa ya kabla ya 1966, mwaka ambao mji wetu ulipata jina la Likasi. Majina ya watu yataka uangalifu zaidi. Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliwaamuru raia kuacha majina yao ya Kikristo na kushika ya asili. Ndiyo miezi ile Kardinali Malula, aliyekuwa ametofautiana na serikali, alipolazimika kukaa Roma. Hivyo mtu yule yule ameandikwa kwa jina la Ubatizo katika daftari la parokia, kwa jina jingine katika kadi ya uraia ya baadaye, na jirani zake walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Andikeni yote matatu. Faili lenyewe lianze na mwaka, kisha mji, kisha tukio, mfano 1964-Jadotville-Komunyo-01, ili kompyuta izipange zenyewe kwa miaka yake. Msipojua mwaka, andikeni “kabla ya 1966” au “baada ya ndoa ya shangazi”, kwa kuwa kukisia tarehe kamili ni kuwadanganya wajukuu.

Faili la asili lihifadhiwe kwa namna ya TIFF, ambayo haipunguzi kitu. Sita kwa sita moja kwa nukta 2,400 itakuwa na uzito wa karibu megabaiti 56. Negatifu 500 zitachukua gigabaiti 28, nazo huingia katika diski ya mkononi bila shida. Kwa kutuma, tengenezeni nakala ndogo ya JPEG, na mkituma kwa WhatsApp itumeni kama hati, la sivyo njiani itapunguzwa hata macho yakawa ukungu. Diski ziwe mbili: moja hapa, nyingine kwa ndugu aliye Lubumbashi au Kolwezi. Nyumba moja huungua au huibiwa. Mbili katika miji miwili ni shida kuangamia siku moja.

Sasa lile kopo la jirani aliyeondoka. Wako wasomaji ambao wamelitunza tangu 1992, nao hawajui la kufanya. Wengine huona haya, kwa sababu ya yale yaliyotendeka mtaani mwao. Sisi twaona hivi: zisomeni negatifu hizo kwa uangalifu ule ule kama zenu, tumeni nakala mkipata anwani kwa njia ya parokia au ya ndugu, na negatifu zenyewe zirudi kwa mwenyewe siku itakapowezekana. Nakala haimnyang'anyi mwenye mali haki yake. Tena msizitangaze picha hizo mbele ya watu katika simu zenu kabla ya kuuliza. Maiti aliyelazwa kitandani akizungukwa na ndugu zake, mtoto aliyebatizwa na asiishi mwezi, hayo ni ya jamaa ile peke yake.

Negatifu zisitupwe baada ya kusomwa. Diski hufa ghafla bila kuaga, ilhali filamu iliyotunzwa yaweza kukaa miaka mia. Zitoeni katika mifuko ya plastiki, zitieni katika bahasha za karatasi nyeupe kila kipande peke yake, na sanduku likae ndani ya kabati, mbali na bati la paa na mbali na sakafu, hasa masika yanapoanza mwezi wa Novemba.

Na kazi ianze wapi? Ianze kwa pua. Nusa kopo. Filamu inayotoa harufu kali ya siki imeanza kuoza, nayo huambukiza zilizo karibu yake. Hakuna dawa ya kuirudisha. Hiyo ndiyo itengwe leo na kusomwa kabla ya nyingine zote, hata kama ni picha ya mtu msiyemjua. Juma lijalo tutaeleza, kwa wale walio na picha za karatasi tu bila negatifu, jinsi ya kuzinakili kwa simu karibu na dirisha bila kununua mashine yoyote.